Vioo vya Chini

Nyuma ya duka la Bi Madina,
Mjini Arua,
West Nile, Uganda.

Machi 12, 1978

Mpendwa dada yangu Kavira,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na shemeji Albert na watoto wote. Natumaini barua hii itawakuta mmeamka vizuri na mvua za huko Butembo zimeanza bila kuvunja mihogo. Uliandika kwamba mkono wako unauma ukishika jembe; unaendeleaje? Uutie katika maji ya moto yenye chumvi kabla ya kwenda shambani. Watu wengi wanafanya hivyo jioni, wakirudi, lakini mimi naona haisaidii. Kiungo kinataka kubembelezwa kabla ya kazi. Baada ya kazi kinataka kuachwa tu.

Na wapwa zangu? Yule mdogo aliyekuwa anakula udongo wa ukutani, ameacha? Mama mdogo Kahindo bado anaona kwa jicho lile moja? Mwambie namkumbuka, na namkumbuka hasa nikinywa uji mwepesi, kwa sababu yeye hakuwahi kupika mwepesi.

Mimi niko mzima kichwani na tumboni. Mengine nitakueleza polepole, kwani asubuhi vidole vyangu havishiki kalamu mpaka nishike kwanza kikombe cha chai ya moto. Ukiona herufi zinapanda na kushuka, ujue chai ilikuwa imepoa.

Barua yako niliipata kwa mkono wa Marcelline, yule mama wa kwetu anayeuza vitenge hapa sokoni Oli. Mwishoni uliandika, nimsalimie sana wifi yako Keji. Dada yangu, Keji hayupo tena. Alifariki mwezi wa Novemba kwa homa. Ilianza na baridi tukiwa kazini, na kabla ya wiki kwisha akawa ameondoka. Nilichelewa kukuandikia kwa sababu habari yenyewe ilikuwa haijafika mwisho. Sasa imefika.

Hukupata kumwona, na hilo linaniuma. Kwa Wakakwa, kabila lake, Keji ni jina la binti wa pili, kama Kavira kwetu. Nilipomwambia kwanza kwamba nina dada anayeitwa hivyo, alicheka, akasema, "Basi siku tukikutana uite jina moja tu, tuone nani ataitika." Alikuwa anapenda ukoko wa ugali kuliko ugali wenyewe. Alikuwa anaongea na kuku kwa Kikakwa cha kwao Kuluba, na mimi kwa Kiswahili, na kuku walimwelewa kuliko mimi.

Zamani ulikuwa unanicheka kwamba naosha vioo, wakati kwenu vioo vinaoshwa na mvua. Ngoja nikueleze kazi hii, maana bila hiyo hutaelewa yaliyotupata. Duka ninalofanyia kazi lina vioo vikubwa upande wote wa barabara. Vinaanzia chini kabisa, kwenye saruji ya baraza, na kupanda juu kuliko mkono wangu ukinyooshwa. Barabara ni ya vumbi jekundu. Lori moja likipita, kazi ya asubuhi imeharibika. Kioo kinataka maji, sabuni na kitambaa, halafu gazeti kavu la kukisugua mpaka kitoe sauti. Kisipotoa sauti bado ni kichafu, hata kama wewe unakiona safi.

Vioo vya juu vinakula mabega. Vioo vya chini vinakula magoti, kwa sababu unapiga magoti kwenye saruji yenye maji tangu ujana wako. Kukamua kitambaa kunakula vidole. Mimi nililiwa magoti. Yalivimba, yakaanza kugoma siku za mvua, mwisho yakagoma siku zote. Kusimama naweza. Kutembea natembea kama mtu aliyebeba mlango. Kukunja goti ndiyo haiwezekani. Hata kanisani Ediofe nasimama nyuma kwenye nguzo wakati wote wamepiga magoti.

Keji naye alikuwa na mabega mabovu. Alibeba kuni na mitungi tangu utoto, na mikono yake ikakataa kupita kifua. Kilemba chake nilimfunga mimi kila asubuhi. Yeye alinivalisha viatu na kunikata kucha za miguu. Lakini magoti yake yalikuwa kama ya msichana. Kanisani akiinuka alininong'oneza, "Nimepiga na ya kwako."

Kwa hiyo tulifanya kazi hivi: mimi juu, yeye chini, tukikutana usawa wa kifua changu. Ilibidi tufike pale pamoja, kwa maana upande mmoja ukikauka kabla ya mwingine unabaki mstari ambao mtu anauona kutoka ng'ambo ya barabara. Maji yangu yalimwangukia kichwani, hata akawa anavaa mfuko wa nailoni juu ya kilemba. Siku nikimwagia mengi alikuwa anauliza, "Wewe mwanamume, umeajiriwa kuosha kioo au kuniosha mimi?" Watu wakipita walidhani tunagombana. Tulikuwa tunafurahi.

Mzee wa Kihindi aliyekuwa na duka hapo kwanza alituona na hakusema kitu. Wahindi walipofukuzwa, duka likapewa Bi Madina, mama wa Koboko ambaye mume wake ni mkubwa jeshini. Yeye pia aliona kwamba watu wawili wanafanya kazi ya mtu mmoja, akatuacha katika chumba hiki cha nyuma. Chumba kinakwenda na kazi. Ukikosa kazi, siku hiyohiyo unatoa godoro nje. Mimi sina kiwanja wala mtoto, na kwa miguu hii siwezi kupanda lori la kwenda mbali. Nikikosa chumba hiki, nitalala sokoni Oli pamoja na vichaa. Hilo ndilo lililokuwa mbele yangu tangu Novemba, na ndilo nililotaka ujue kabla sijaendelea.

Alipofariki, kaka yake Laku alikuja na lori kumchukua kwenda kumzika kwao Kuluba, upande wa Koboko. Mimi walinipandisha kwa kunisukuma kwenye makalio kama mbuzi mkubwa. Nililala karibu na mkeka wake njia yote, na kwenye mashimo nilimshika asiruke.

Sasa sikiliza. Katika ukoo wao, mkwe mwanamume hasimami mbele ya mama mkwe. Anakaa chini, ardhini, na siku ya msiba zaidi. Nilijua hivyo tangu zamani. Tulipokuwa tunakwenda kusalimu, Keji ndiye aliyenipangia. Alinikalisha kwenye kigogo kifupi kabla mama yake hajatoka ndani, mguu ukiwa umenyooka mbele, kisha akaita, "Mama, mgonjwa wangu amekaa." Siku hiyo Keji alikuwa kwenye mkeka, na hakuna mwingine aliyekumbuka kigogo.

Mama mkwe akatoka analia. Mimi nikawa nimesimama katikati ya uwanja, kofia mkononi, mrefu kuliko wote. Laku akaja.

"Shemeji, kaa chini."

"Shemeji, magoti yangu yamekufa. Nitafutie hata kigogo."

"Yamekufa? Aliyekufa hapa ni dada yangu. Magoti yako nayaona yamesimama."

Mwanamke mmoja nyuma yake akasema kwa sauti, ili nisikie, "Huyu Mkongo hata kulia hajui. Tangu amefika, macho makavu kama samaki wa soko."

Ni kweli, nilikuwa sijalia. Nilikuwa bado nafikiria nani atamfunga kilemba, kwa maana wale wanawake walikuwa wamemfunga vibaya, upande wa kushoto umelegea.

Laku akamwita mwanamume mwingine. Wakanishika mabega, mmoja huku na mmoja huku, kwa heshima, kama watu wanaomsaidia mgeni. Wakanikandamiza chini. Magoti yalitoa sauti ya muhogo mkavu ukivunjwa. Dada yangu, nilipiga kelele ambayo sikujua kama ninayo. Nikaanguka miguuni pa mama mkwe, uso kwenye vumbi, nikalia kama ndama.

Na wanawake wakaipokea! "Analia! Tazameni, analia!" Kadiri nilivyopiga kelele, ndivyo walivyoongeza zao, msiba ukapata moto ambao ulikuwa hauna. Mama mkwe alikishika kichwa changu, akakipapasa, akasema kitu kwa Kikakwa. Laku akanitafsiria: "Mama anasema hakujua kama ulimpenda hivi." Nikawa nasema goti, goti. Laku akanigonga mgongoni polepole. "Acha kuongea, shemeji. Lia tu. Unalia vizuri."

Wakamzika. Mimi nilikuwa bado nimelala kwa ubavu pale waliponiangusha, hakuna aliyethubutu kuniinua kutoka katika huzuni kubwa namna ile. Kwa hiyo kaburi lake sikuliona likifunikwa. Niliona miguu ya watu tu, na udongo ukishuka katikati ya miguu.

Tangu siku ile goti la kushoto halikunjiki wala halinyooki. Limekaa katikati, kama mlango uliovimba kwa mvua.

Niliporudi Arua, Bi Madina alikuja kunipa pole. Alisimama mlangoni mwa chumba, hakuingia. Mlinzi wake Sulaimani alisimama nyuma yake akimshikia mwavuli.

"Pole sana, mzee. Watu ya Koboko yote inaongea. Wanasema hakuna mutu amelia bibi yake namna ile."

"Asante, mama."

"Sasa vioo ya chini, nani anaosha?"

Nikamwambia nitajaribu. Akaangalia miguu yangu.

"Mimi nilikuwa na mutu moja mzima. Nusu juu, nusu chini. Sasa iko nusu. Nusu mutu siwezi weka kwa chumba mzima."

"Nipe muda, mama."

"Binti yangu anaolewa Jumamosi ya mwisho ya Januari. Magari yote itasimama hapa mbele, wakubwa watashuka. Nikiona uchafu hata kama kidole, wewe toka." Alipogeuka kwenda akaongeza, "Ama tafuta bibi mwingine. Lakini uangalie magoti kwanza, usiangalie uso."

Sulaimani alicheka mpaka mwavuli ukatikisika. Nami ilibidi nitabasamu, kwa sababu ukiwa unalala katika chumba cha mtu huwezi kukataa mzaha wake.

Labda unadhani duka lenyewe ni tajiri. Siku hizi ndani hamna kitu. Sabuni ni ya magendo, chumvi ni ya magendo. Mimi mwenyewe naosha kwa povu la majani ya mpapai na maji ya limau. Nyuma ya vioo kuna radio moja ambayo haiuzwi, na maboksi ya viatu yasiyo na viatu ndani. Lakini Bi Madina anasema vioo viking'aa, watu watafikiri bidhaa ziko njiani.

Nilijaribu kila kitu. Nilifunga magoti kwa mpira wa baiskeli. Niliyapaka yale mafuta ya mti ambayo wanawake wa Koboko wanauza kwenye majani. Niliyawekea mfuko wa mchanga wa moto, na jambo hilo nakushauri hata wewe, linatuliza kwa muda wa kula chakula. Nilikwenda kwa daktari. Akanibonyeza na kusema, "Mzee, huu ni uzee. Uzee hatuna dawa yake. Hata malaria siku hizi hatuna dawa yake." Alikuwa mtu mwema, alinishika mkono mpaka nje.

Nilifunga kitambaa kwenye fimbo nikasukuma kutoka juu, lakini fimbo haina vidole, inasambaza tu matope. Nilikaa kwenye kreti la soda. Kukaa niliweza, ila kila nikitaka kusogea kwenda kioo kingine ilibidi mtu aniinue, na Sulaimani alisema yeye ameajiriwa kuwazuia wezi, hakuajiriwa kuwa winchi. Siku moja alilivuta kreti kwa mzaha nikiwa nainuka. Sikuvunjika kitu.

Halafu nikakumbuka jinsi nilivyolala kule Kuluba. Nikafikiri, kwa kulala naona chini vizuri kuliko mtu aliyepiga magoti. Kama magoti hayataki kwenda kwenye kioo, basi niende mimi mzima.

Asubuhi ya harusi nilitoka kabla ya adhana ili nisionekane. Vya juu nilikuwa nimeviosha jioni. Nikatandika magunia, nikajishusha kwa kukumbatia nguzo ya baraza, nikalala kwa ubavu, ndoo karibu na kichwa. Nikaosha nikijivuta kwa kiwiko, kioo hadi kioo, nikiburuta miguu kama mizigo ya mtu mwingine. Maji yalikuja chini yangu nikalowa shati lote. Lakini vilisafika, Kavira. Nilifika mwisho wa baraza wakati kunapambazuka, nikageuza kichwa nikaviona vyote, na sikuona mstari hata mmoja.

Kitu ambacho sikukifikiria ni kuinuka. Nguzo ilikuwa upande ule mwingine. Nguvu ya kurudi kwa kiwiko haikuwepo tena. Nikabaki pale, kwenye maji, mbele ya duka, na mji ukaamka.

Unajua nyakati zetu. Mtu akilala barabarani asubuhi, watu hawaulizi sana. Wanawake wa soko walipita wakivuta vitenge vyao. Mmoja akasema, "Msiangalie, iko maiti." Mwingine akasema, "Maiti gani inashika gazeti?" Nikasema niko mzima, niinueni, nao wakakimbia kwa hofu zaidi.

Akaja askari mmoja. Akanigusa na buti kwenye mbavu, bila nguvu.

"Wewe! Iko nini hapa?"

"Naosha vioo, afande."

"Kwa tumbo?"

"Magoti yamekufa, afande."

Akaangalia vioo, akaniangalia mimi, akaanza kucheka. Akaita wenzake kutoka ng'ambo. "Kuja muone! Hata sisi mazoezini tunatambaa hivi. Huyu ni kuruta! Kuruta mzee!" Wakasema nitambae kidogo wapate kuona. Nikatambaa kidogo. Watu wakajaa. Kina mama waliokimbia wakarudi, sasa bila hofu, na Sulaimani alipofika kazini akauliza, "Mzee Nestor, leo unaosha ama unaogelea?" Kila aliyecheka aliinama kuangalia nilipofika, na akiinama aliona maboksi ya viatu nyuma ya kioo.

Magari ya harusi yakaja yakapiga honi, yakakuta kundi lile. Bi Madina akashuka na nguo yake ya kijani. Nilidhani mwisho wangu umefika. Alisema kwa sauti ndogo, kwa Sulaimani, "Ondoa hii kitu." Sulaimani akanikamata kwapani akaniburuta mpaka nyuma. Lakini kabla sijapotea pembeni nilimwona mama yule anatazama watu. Walikuwa wamegandamiza pua zao kwenye vioo. Wengine walikuwa wameingia ndani kuuliza viatu.

Jumatatu akaniita.

"Vioo nimeona. Iko sawa. Chumba, kaa."

Nikamshukuru. Nilimshukuru mara nyingi mno, kwa sababu sikungoja amalize.

"Lakini si giza tena," akasema. "Ukiosha giza, nani anakuona? Kila Jumamosi, saa nne, soko ikijaa. Unalala pale, unatambaa kama ile siku. Watu wakikuja kuangalia Kuruta, wataangalia na duka."

Nikamwambia, mama, mimi ni mtu mzima, na nimefiwa juzi. Akanijibu bila hasira, "Kwani msiba si ulilia mbele ya watu? Hii ni nini?"

Basi ndivyo ilivyo tangu Februari. Kila Jumamosi saa nne naingia kazini kwa tumbo. Watu wananijua. Wananiita Kuruta, wanatoa amri, kushoto, kulia, nami naosha. Wengine wananiwekea karanga karibu na ndoo. Asubuhi hiyo nalainisha vidole kwa chai, nafunga viwiko kwa vipande vya kanga ya Keji vilivyochakaa, kwa sababu sasa viwiko ndivyo magoti yangu. Cha kulia kimeanza kuvimba. Nimekitengea mchanga wa moto. Nikimaliza, Sulaimani ananiinua, ila mara nyingine anakwenda kwanza kunywa chai, na mimi namngoja pale nilipo.

Najua utaandika nije kwenu. Usiandike, utanifanya nitamani. Na tena Kuluba watamaliza matanga baada ya mavuno, na mume ni lazima awepo. Laku ametuma salamu kwamba nisiwe na wasiwasi juu ya miguu, watanisaidia kukaa chini kama mara ile. Mama mkwe amewaalika dada zake kutoka mbali waje wanisikie.

Jambo la mwisho ni hili, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu leo. Marcelline anaondoka kesho na barua. Lakini Basile, mtoto wa jirani yetu, yule aliyesoma na wewe darasa moja na sasa anafanya biashara ya kahawa, naye yuko njiani kurudi, na huenda akafika kwenu mapema kuliko Marcelline.

Jana alipita hapa. Nilikuwa nimemaliza, namngoja Sulaimani. Nilisikia sauti yake kabla ya kumwona, ile sauti ya puani ya baba yake. Dada yangu, nilifurahi. Nilimwita kwa lugha yetu, nikamtaja jina lake na jina la baba yake, nikasema ni mimi, Nestor, kaka yake Kavira. Viatu vyake vikasimama karibu na uso wangu, viatu vizuri vya kamba. Sikuweza kugeuza shingo kumtazama, lakini nilimwona wote ndani ya kioo, na yeye aliniona humohumo. Midomo yake ilifunguka kidogo.

Kisha akamuuliza Sulaimani aliyekuwa anarudi, "Huyu ni nani?"

"Huyo? Kuruta."

"Ah," akasema Basile. Akasogeza kofia yake, akanyoosha kola akijitazama kwenye kioo, akanivuka, akaingia kuuliza bei ya radio.

Akija kwako akasema hakuniona Arua, usimwite mwongo mbele ya watu, na usimpe shida mama yake. Mpe chai, ametoka mbali. Nilikuwa namwona vizuri kuliko yeye alivyotaka: alikuwa anatazama kofia, na kofia ilikaa sawa. Kioo kilikuwa safi kabisa.

Nisalimie shemeji Albert, mwambie asikubebeshe kuni peke yako. Nisalimie mama mdogo Kahindo, na wapwa zangu mmoja mmoja, na yule wa udongo mara mbili. Msomeeni misa Keji kama padri wa huko atakubali kumsomea mtu asiyemjua. Mwambie alikuwa anapiga magoti ya watu wawili.

Mungu akutunzie mabega yako na magoti yako, dada yangu, na kama ataona ni lazima achukue kimoja, akuachie mtu wa kukaa upande wa pili.

Wako akupendaye daima,

Kaka yako,
Nestor